Pangani: mji wa vinu na mazao yasiyongoja

Muwa uliokatwa leo asubuhi, kesho jioni umeshaanza kupungukiwa na sukari. Jani la mkonge likilala shambani siku mbili za jua, utomvu hukaukia ndani na singa, yaani nyuzi zake, hutoka na madoa. Nazi kavu, ukiiweka mahali pasipo na unyevu, itakungoja miezi bila kinyongo. Mambo haya matatu yanaeleza sehemu kubwa ya historia ya Pangani, mji mdogo ulioko mdomoni mwa mto, kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga. Uliinuka kwa mazao yasiyoweza kungoja. Sasa umebaki kwa kiasi kikubwa na lile linalongoja, na zao linalongoja halina haja ya kinu cha jirani. Hupakiwa kwenye lori likaenda zake.

Wengi wakisikia mto na vinu hufikiri gurudumu linalozungushwa na maji. Pangani mjini hakuna maporomoko. Mto unapofika hapo ni tambarare, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na mara mbili kwa siku bahari inausukuma urudi ulikotoka. Faida yake kwa vinu ilikuwa mbili: kubeba na kuosha. Nguvu ya kuzungusha mashine ilitoka kwa ng'ombe na watu, baadaye kwa mvuke, kisha kwa dizeli na umeme. Ajabu ni kwamba umeme wenyewe ulikuja kutengenezwa na mto huohuo, ila huko juu, karibu na Hale.

Maji yanaanzia mbali. Mito ya Kikuletwa na Ruvu, inayokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto unapita katika nyika ya Upare, unapokea Mkomazi na Luengera, unapita Korogwe na Hale, unashuka kwenye maporomoko, kisha unatulia hadi baharini. Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ni Bweni.

Kinu cha miwa

Kabla ya mkonge palikuwa na miwa. Katikati ya karne ya 19, enzi za Masultani wa Zanzibar, kingo za mto huu zilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili matajiri, mtaji ukitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi na jasho likitoka kwa watumwa. Udongo wa kingo ni tope linaloletwa na mafuriko, mzito na wenye rutuba, unaoshika unyevu wakati nchi ya juu imekauka. Miwa inaupenda. Na shamba likiwa ukingoni, jahazi au mtumbwi unafika mpaka lilipo.

Kinu cha aina hii ni chombo rahisi kukieleza, kigumu kukiendesha. Magogo mawili au matatu ya mbao ngumu, na baadaye ya chuma, husimama yakibanana. Moja lina mti mrefu wa kuzungushia. Miwa hupitishwa katikati mara mbili au tatu. Kilo 100 za miwa, kwa kinu kisichokuwa na nguvu nyingi, hutoa lita 50 hadi 60 za maji, na ukishayachemsha yote unabaki na kilo 10 hivi za sukari guru. Kinachobaki ni makapi, na makapi yakikauka ndiyo kuni za kwanza za jikoni.

Kazi ya jikoni ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji. Maji ya miwa hayaachwi yapoe. Yakikaa saa chache katika joto la pwani huanza kuchacha, na yaliyochacha hayagandi hata uchochee moto usiku kucha. Yakipata moto hutiwa chokaa kidogo ili uchafu upande juu, kisha povu huenguliwa mpaka maji yang'ae. Chokaa ikizidi, sukari hugeuka nyeusi na kuacha ukakasi mdomoni. Mwishoni fundi hudondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado, likikaa kidonge kinachofinyangika, epua. Ukichelewa, sufuria yote imeungua. Ukiwahi, umepata asali ya miwa tu, nayo si hasara, kwa sababu ilikuwa na soko lake.

Hapo utaona kwa nini kazi hii ilikuwa ya kikatili kuliko kilimo cha nazi. Mnazi haumharakishi mtu. Muwa unaharakisha: kukata, kubeba, kukamua na kuchemsha ni mnyororo mmoja usio na mapumziko, usiku na mchana, msimu mzima. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakatoroka wengi kwa pamoja na kujijengea makazi yao ya watoro. Uasi ule hutajwa mara chache kuliko vita iliyofuata miaka 15 baadaye, na kwa maoni yangu haukustahili kusahauliwa hivyo.

Vita yenyewe inajulikana. Agosti 1888 wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Emil von Zelewski, alifika Pangani na kutaka bendera ya kampuni ipande. Watu wa mji wakakataa, na vita ikaenea pwani. Kiongozi aliyepata jina ni Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa hapohapo Pangani. Alinyongwa mjini Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Jina la Bushiri bado ni jina la mahali wilayani. Kuhusu miwa, vita ilivuruga mashamba, na utawala mpya ulikuwa unatafuta zao lingine.

Miche 62

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo ya Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000, yaani miche midogo ya mkonge, kutoka Florida. Vilisafiri kupitia Hamburg. Vilipofika, vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Vilipandwa Kikogwe, jirani na Pangani, na kutoka hapo mkonge ukaenea Tanga yote, kisha nchi nzima na ng'ambo ya mpaka. Anayeujua mkonge hashangai kwamba 62 vilitosha. Mmea mmoja ukifikia mwisho wa maisha yake hutoa mlingoti mrefu, na juu ya mlingoti huning'inia vikonyo kwa mamia, mara nyingine zaidi ya 1,000, mbali na maotea yanayochipua kwenye shina. Mkonge hautaki mbegu. Unataka subira tu.

Subira hiyo ina hesabu zake. Ukipanda leo, unakata mara ya kwanza baada ya miaka mitatu au minne. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake, ndani ya miaka 10 au 12, kisha huchomoza mlingoti na kufa. Aina chotara ya 11648, iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano kilichoanzishwa mwaka 1934, hufikia majani 600, ila hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi zaidi. Kwa sababu ya muda huu, shamba likiacha kupanda upya mwaka mmoja, hakuna anayeona. Korona, mashine ya kuchakata majani, inaendelea kunguruma, robota za singa zilizoshindiliwa zinatoka, mahesabu yanapendeza. Baada ya miaka sita hivi ndipo majani yanapokosekana, na hapo hata ukiwa na fedha zote, unangoja mitatu mingine. Mashamba mengi ya Tanga yalikufa kwa namna hii, kimyakimya.

Ndani ya korona

Mashine ya kuchakata mkonge watu wa Tanga huiita korona, jina lililotokana na chapa ya Kijerumani. Mwendo wa kazi unaanzia shambani. Mkataji huchagua majani ya chini, yale yaliyolala zaidi ya nusu ya njia kutoka wima hadi ardhini, na huacha majani 20 au 25 juu ili mmea upumue. Akiwa na tamaa akakata mpaka juu, mavuno ya mwaka unaofuata huwa majani mafupi, na jani fupi ni daraja la chini. Mwiba wa ncha huondolewa palepale. Majani 30 hufungwa tita moja, kisha matita hupangwa kando ya njia yakisubiri trekta.

Kiwandani matita hufunguliwa na majani hutandazwa kwenye mkanda, vitako upande mmoja. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayoharibu singa nyingi kuliko zote. Majani yakirundikana, dramu haliyafikii ya katikati, na singa hutoka na nyama ya kijani imegandamana. Yakiwa machache mno, mashine inakula dizeli bure. Mkanda hushikilia jani kwa kamba au mnyororo na kulipeleka kwenye dramu la kwanza, ambalo lina visu butu vinavyoponda na kukwangua dhidi ya bamba la chuma lililopinda. Nusu ya jani ikishakuwa singa, mshiko hubadilishwa, na dramu la pili humalizia nusu iliyobaki. Wakati wote huo maji yanamwagwa kwa wingi.

Nafasi kati ya visu na bamba ndiyo roho ya mashine. Ikibana mno, singa hukatika na kutoka kama manyoya. Hizo huuzwa kama singa fupi kwa bei ya chini. Ikiachia mno, singa hutoka chafu na kukauka kwa rangi ya kahawia. Visu huliwa pole pole na mchanga unaokuja na majani, kwa hiyo nafasi iliyokuwa sawa mwanzoni mwa wiki haitakuwa sawa mwishoni. Fundi mzuri haangalii mashine kwanza. Anakwenda kwenye lundo la taka, anachota kiganja, anatazama kama kuna singa ndefu ndani yake. Taka zikionyesha singa, fedha inamwagwa.

Korona kubwa hula majani zaidi ya 20,000 kwa saa. Jani la gramu 600 lina singa kavu kama asilimia 4, yaani gramu 24, hivyo saa moja hutoa chini kidogo ya nusu tani. Robota moja ni kilo 250: majani zaidi ya 10,000, au matita kama 350. Na kwa kila tani ya singa, tani 24 nyingine za jani zinageuka taka na maji machafu.

Maji ndiyo jambo ambalo mgeni halitarajii. Korona inahitaji takriban mita za ujazo 100 kwa tani ya singa, na yanatakiwa yawe matamu. Maji ya chumvi husafisha jani vizuri tu, lakini chumvi hubaki kwenye singa, huvuta unyevu wa hewa, na robota lililokauka leo hulowa ghalani. Chuma nacho huoza. Hapa mji wa Pangani una kasoro ya kuzaliwa: mto ni mkubwa, lakini karibu na mdomo bahari inaingia kila maji yanapojaa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, inaingia mbali zaidi. Kiangazi, mto ukiwa na maji kidogo, chumvi hupanda juu kuliko wakati wa masika. Mwenye pampu upande wa chini hana budi kupiga maji wakati wa kupwa, au achimbe bwawa lake kwenye kijito.

Maji yaliyotumika nayo yana sumu ya aina yake. Utomvu wa mkonge ni mchachu na huwasha ngozi. Ukiingia mtoni kwa wingi huoza, unakula hewa iliyomo majini, na samaki huelea. Dawa ni mabwawa ya kutuama kabla ya kuachia, au kuitumia taka yenyewe. Hale kuna mtambo wa majaribio wa gesi itokanayo na taka za mkonge, uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 2000. Ulithibitisha kwamba ile tani 24 tunayoimwaga ni kuni. Kwa nini mitambo ya namna hiyo haikuenea kila korona ni swali la mtaji kuliko la sayansi.

Baada ya korona, singa huanikwa kwenye nyaya. Siku moja ya jua kali inatosha; mvua ikinyesha juu yake, weupe umekwenda na daraja limeshuka. Ndiyo maana masika hukata majani vizuri na hukausha vibaya. Kisha singa hupitishwa kwenye brashi, chumba chenye vumbi kuliko vyote kiwandani ambamo mfanyakazi asiye na kizibo cha pua anauza mapafu yake, hupangwa kwa madaraja na kushindiliwa robota. Daraja linalotafutwa ni 3L, linalotaka singa za kuanzia futi 3.

Kilichoondoa meli na kilichoondoa bei

Pangani haikufaidi mkonge kama ilivyostahili, na sababu ni fungu. Mdomo wa mto una fungu la mchanga. Jahazi huingia maji yakijaa, meli kubwa haiingii kabisa. Wakati huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mkonge wa bara ukawa na njia ya chuma mpaka bandari yenye kina, na bandari hiyo haikuwa Pangani. Zao lilizaliwa huku, likakulia kule.

Mto ulipata kazi nyingine juu. Mtambo wa umeme wa Pangani Falls ulianza katikati ya miaka ya 1930, Hale wa megawati 21 ukafuata mwaka 1964, na Pangani Falls mpya wa megawati 68 ukaanza mwaka 1995. Mitambo hii imeufanya mto kuwa kitu cha kugombewa: wamwagiliaji wa Kilimanjaro na Arusha wanachota juu, turbini zinangoja katikati, na mdomoni tunapata kilichobaki pamoja na chumvi.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani kama 230,000 za mkonge, nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Kisha kamba za plastiki zikachukua soko la kufungia nyasi huko Ulaya na Marekani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na upandaji ukasimama kama nilivyoeleza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa na tani kama 20,000. Wanaotupia lawama zote kwa Azimio la Arusha wanasahau polipropilini, plastiki ya kamba hizo. Wanaoitupia polipropilini lawama zote wanasahau kwamba Brazili iliendelea kulima.

Siku hizi

Bei imerudi kuwa ya maana, na sehemu ya mkonge wa Tanga sasa ni ya wakulima wadogo waliojiunga katika vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS). Shida yao ni ileile ya zamani imevaa nguo mpya. Mkulima ana majani, korona ni chache, na kuna foleni. Jani halijui foleni. Akikata kabla ya zamu yake, linakauka kando ya njia; asipokata, majani ya chini hunyauka mmeani. Mashine ndogo za kulisha kwa mkono zinasaidia aliye mbali na korona, lakini hutoa singa kidogo kwa siku, na mlishaji anashika jani lenyewe kwa vidole vyake hadi karibu na dramu. Asiyekuwa na kizuizi cha mikono mbele ya dramu asiinunue hata kwa bei ya bure.

Kisha kuna kivuko. Mashamba ya kusini mwa mto hutegemea pantoni kati ya Bweni na mjini, na siku kikisimama kwa matengenezo, lori la robota linangoja au linazunguka njia ndefu. Daraja la mita 525 kwenye barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ndilo linaloibadilisha hesabu hii. Litasaidia korona. Litasaidia pia nazi kuondoka haraka zaidi.

Nazi ndiyo sura ya Pangani kwa anayepita barabarani, na ni zao zuri, ila halijengi kiwanda. Nazi 5,000 hadi 6,000 za mnazi mrefu wa asili hutoa tani moja ya mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, na mbata iliyokauka vizuri ina mafuta zaidi ya asilimia 60. Hesabu inavutia mpaka ukumbuke kwamba mpishi wa Dar es Salaam anainunua nazi nzima kwa ajili ya tui, akalipa zaidi ya mkamuaji mafuta. Kwa hiyo nazi hufuliwa kwa kifuo cha chuma, huhesabiwa, hupakiwa. Makumbi hubaki huku, kidogo yakisokotwa kamba za usumba, mengi yakiwa kuni. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeshaua minazi mingi ya pwani, na mnazi mrefu uliopandwa leo hauzai kabla ya miaka sita.

Ukitaka kuona kinu halisi cha leo, mahali pa kwenda ni Kipumbwi, kijiji cha wavuvi wilayani, usiku usio na mwezi unapokwisha. Dagaa hushuka alfajiri na hawangoji hata mkonge unavyongoja. Saa chache tu wameharibika. Maji ya chumvi yanachemka tayari kwenye mapipa yaliyokatwa na masufuria mapana. Dagaa huchovywa kwa dakika chache ndani ya vikapu, huinuliwa mara macho yanapogeuka meupe, huchuja, kisha huanikwa. Wakichemka kupita kiasi vichwa hukatika na mnunuzi hushusha bei. Walioanikwa kwenye mchanga hukwaruza meno. Walioanikwa kwenye vichanja vya wavu husafiri mbali. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Wingu likitanda siku mbili mfululizo, shehena yote inabadilisha mnunuzi: inakwenda kuwa chakula cha kuku.